Ukoma, Sababu Zake, na Mkono wa Mgonjwa

Ni maradhi machache yenye majina mengi katika Kiswahili kama ugonjwa huu. Wazee wa pwani waliuita matana. Waliosoma vyuoni waliuita jedhamu, neno la Kiarabu ambalo asili yake ina maana ya kukata. Wengine walisema balanga kwa ajili ya mabaka yanayopauka katika ngozi. Na jina lililoenea pwani na bara ni ukoma. Wingi huu haukutokana na mapenzi. Aghalabu watu huongeza majina ya kitu wasichopenda kukitaja. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha jina jedhamu lina faida yake, maana ndani yake limehifadhiwa kosa la kale. Waliolitumia waliona vidole vilivyopungua, wakadhani kwamba ugonjwa wenyewe ndio kisu.

Mimi nami nilirithi kosa hilo utotoni. Kijijini kwetu alikuwako mzee mmoja aliyeishi peke yake pembezoni, na sisi watoto tulikatazwa kuokota maembe chini ya mwembe wake. Tuliambiana kwamba vidole vyake hudondoka usiku kimoja kimoja, naye huvizika asubuhi. Siku moja tulimchungulia akipika, tukamwona akiepua sufuria motoni kwa mikono mitupu, bila ya kitambaa na bila ya haraka. Tulikimbia tukisema kwamba ana uganga. Ilinichukua miaka mingi kujua nilichokiona.

Habari ya kutafuta sababu ya ukoma haianzii kwetu, wala katika nchi za joto ambazo wengi huzidhania kuwa ndizo kwao. Inaanzia Norway, katika bandari ya Bergen, mji wa baridi, mvua na samaki. Katika karne ya kumi na tisa ukoma ulikuwa umeenea katika vijiji maskini vya pwani ya magharibi ya nchi ile, na mwaka 1856 serikali yake ilianza daftari la taifa zima la kuandika wagonjwa wa ukoma. Mganga mkuu wa elimu hiyo siku zile alikuwa Daniel Cornelius Danielssen, ambaye pamoja na mwenzake Carl Wilhelm Boeck alitoa mwaka 1847 kitabu kikubwa cha kueleza dalili zake. Danielssen aliamini kwamba ukoma ni wa kurithi. Aliamini hivyo kwa dhati hata akajichanja mwenyewe kwa vitu vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, na asipate neno.

Chini yake alifanya kazi kijana, Gerhard Armauer Hansen, aliyezaliwa mji ule ule mwaka 1841. Hansen alilisoma daftari, akazunguka vijijini, akaona kwamba hesabu haikubaliani na mkuu wake: ukoma ulikwenda kama kitu cha kuambukiza, wala haukwenda kama damu ya ukoo. Mwaka 1873, akitazama kwa hadubini vitu alivyovikata katika uvimbe wa mgonjwa, aliona vijidudu vyembamba mfano wa vijiti. Alitoa habari yake mwaka 1874, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kusema zaidi ya alichokiona. Hicho ni miongoni mwa vijidudu vya kwanza kabisa kutajwa kuwa sababu ya ugonjwa wa kudumu wa binadamu. Kile cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch mwaka 1882.

Lakini kuona si kuthibitisha. Kijidudu cha ukoma ni cha ajabu kwa uvivu wake: hujigawa mara moja katika muda wa majuma mawili hivi, na aliyeambukizwa aweza kukaa miaka mitano, hata ishirini, kabla ya dalili kutokea. Hata leo hakuna aliyefaulu kukiotesha katika vyombo vya maabara kama vijidudu vingine vinavyooteshwa. Ilikuwa mwaka 1960 ndipo Charles Shepard wa Marekani alipokiotesha katika nyayo za panya. Hansen hakuwa na njia hiyo. Mwaka 1879 alichukua chombo kikali chenye vitu vilivyotoka kwa mgonjwa mmoja, akamchoma nacho mwanamke mwingine katika jicho, hospitalini, bila ya idhini yake. Mwanamke yule alikuwa na ukoma tayari, ila wa namna nyingine, na Hansen alitaka kujua kama namna ile ya pili itaota. Haikuota. Mwanamke alishitaki. Mbele ya mahakama, mwaka 1880, tabibu alikiri kwamba hakumwomba ruhusa kwa kuwa alijua hangeliona jambo lile kwa macho yake yeye. Alivuliwa kazi ya hospitali ile, ingawa aliachiwa cheo cha kusimamia habari za ukoma nchini.

Hukumu ile huipa nafasi kubwa kuliko wanavyoipa wengi wanaoandika habari za Hansen. Mgonjwa maskini, asiye na elimu wala jamaa mkubwa, alisimama mbele ya mgunduzi akaambiwa kwamba jicho ni lake. Hata hivyo sheria iliyolinda jicho lake haikulinda mlango wake. Baada ya kujulikana kwamba ukoma huambukiza, Norway ilitunga sheria, ya 1877 na ya 1885, na hii ya pili iliruhusu mgonjwa ambaye hawezi kujitenga nyumbani apelekwe hospitali kwa nguvu. Mkutano wa mataifa uliofanywa Berlin mwaka 1897 uliusifu mwendo huo, nao ukafuatwa katika makoloni. Kwa hiyo tunda la kwanza la kujua sababu halikuwa dawa, lilikuwa ukuta. Bergen yenyewe ilikuwa na hospitali ya kale ya St. Jørgen, na wagonjwa wake wawili wa mwisho walifariki humo mwaka 1946, baada ya kukaa ndani zaidi ya nusu karne.

Dawa ilikuja karibu na miaka hiyo hiyo. Mwaka 1941, katika hospitali ya Carville, Marekani, Guy Faget alianza kutibu wagonjwa kwa dawa ya jamii ya salfoni, na kabla ya muongo kwisha dapsoni ilikuwa ikitolewa kwa vidonge vya bei ndogo. Baadaye vijidudu vikaizoea, na tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa kadhaa zichanganywe pamoja. Hayo nayapita upesi, kwani yamekwisha andikwa sana. Linalonishughulisha ni jambo lililobaki baada ya dawa kushinda: mtu aliyepimwa akaonekana hana kijidudu hata kimoja, naye angali akipoteza vidole.

Mwaka 1947 daktari wa upasuaji, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alitoka katika hospitali ya Vellore akaenda Chingleput, kwenye makao ya wagonjwa wa ukoma yaliyosimamiwa na Robert Cochrane. Aliona mikono mingi iliyopinda kama makucha, akauliza ni mpasuaji gani aliyeishughulikia. Akajibiwa kwamba hakuna, maana iliaminika kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza na haiponi. Brand alianza kuichunguza mikono mmoja mmoja. Aliona kwamba misuli hiyo hiyo ndiyo hufa kila mara, na hiyo hiyo ndiyo husalimika. Kwamba mishipa ya fahamu huharibika mahali palipo karibu na ngozi, kama pale juu ya kiwiko. Na kwamba kidonda kikifungwa plasta ngumu kikapumzishwa, hupona kama cha mtu ye yote. Basi vidole vilikwenda wapi?

Jibu lilikuja kwa vitu vidogo. Brand alikuwa akishindana na kufuli lenye kutu. Mvulana mgonjwa akaushika ufunguo, akauzungusha mara moja, naye daktari akaona damu: kidole kilikuwa kimekatika mpaka mfupani, na mtoto hana habari. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi na kidole kimepungua, na waliokesha kuchungua wakaona panya wakitafuna nyama ya mtu aliyelala. Tangu hapo paka wakawa sehemu ya matibabu. Huu ni utafiti wa sababu kama ule wa Bergen, nami nauheshimu kwa kadiri ile ile, ingawa hadubini yake ilikuwa macho matupu. Kijidudu huua ganzi na uchungu wa ngozi pamoja, au tuseme sawasawa: huondoa uchungu na kuacha ganzi. Kisha moto, msumari, kiatu kibovu na panya hufanya yaliyosalia.

Mwaka 1948 Brand alianza kuhamisha kano za misuli iliyo salama na kuzishona katika vidole vilivyopooza. Mikono ikafunguka. Na hapo akapambana na sababu ambayo kisu hakiifikii. Mgonjwa mmoja alirudi na mikono yake iliyonyoshwa akalalamika kwamba haifai kwa kuomba: zamani wapita njia walimhurumia kwa vidole vilivyopinda, sasa hawampi kitu, na hakuna anayempa kazi wala chumba, kwa kuwa makovu yanamtangaza. Kwa ajili ya watu kama huyo kilianzishwa Vellore kijiji kidogo cha kujifunza ufundi wa mbao, jinsi ya kushika tupa na patasi bila ya kujikata, na kukagua mikono kila kazi inapokwisha. Huo ndio ambao leo tunauita utengamao. Katika hospitali hiyo Mary Verghese, daktari aliyepooza miguu kwa ajali ya gari mwaka 1954, alipasua mikono ya wagonjwa wa ukoma akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, na baadaye akaongoza idara ya utengamao.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na kuta zake. Huko Uganda wagonjwa walivushwa kwa mitumbwi mpaka kisiwa cha Bwama katika ziwa Bunyonyi, na Buluba, karibu na Jinja, palifunguliwa makao mwaka 1934. Hapo Buluba alifika mwaka 1951 tabibu kutoka Poland, Wanda Błeńska, aliyezoea kuwagusa wagonjwa bila ya glavu ili wengine waone. Mwaka 1965 kilifunguliwa Addis Ababa chuo cha kufundisha matibabu na utengamao wa ukoma kwa Afrika nzima, na elimu ya Vellore ikapata njia ya kutufikia.

Ugonjwa haujatoweka. Mwaka 1919 au 2019, mshipa ulioharibika ni ule ule. Na katika mwaka huu wa pili waliogunduliwa upya duniani walikuwa zaidi ya 200,000. Wanaopona wakiwa na ganzi hufundishwa na wauguzi kazi isiyo na sifa: kila jioni kuloweka miguu katika beseni, kuisugua taratibu, kuipaka mafuta, kutazama nyayo kwa kioo kama pana mwiba, na kushika sufuria kwa kitambaa hata kama haionekani kuwa ya moto.

Mzee wa kijijini kwetu alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Alikuwa amekwisha pona, niliambiwa baadaye. Alikunywa dawa zake zote, na cheti alikuwa nacho. Kitambaa cha kuepulia hakuna aliyempa.