Alama za kazi za shuleni husawazishwa vipi

Tangu mtihani wa GCSE ulipofanyika mara ya kwanza Uingereza mwaka 1988, baadhi ya alama zimetokana na kazi zinazosahihishwa na mwalimu wa mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi hutia saini kuthibitisha kuwa kazi ni yake, kisha bodi ya mitihani huitisha sampuli tu. Mhakiki akibaini kuwa alama zimezidi mno, za shule nzima katika somo hilo huweza kupunguzwa, hata za watoto ambao kazi zao hakuzisoma.

Mwaka 2012, baada ya mgogoro wa matokeo ya Kiingereza, mdhibiti wa mitihani, Ofqual, alisema baadhi ya walimu walisahihisha kwa ukarimu kupita kiasi, wakisukumwa na shinikizo la matokeo. Kiingereza kilichoanza kufundishwa mwaka 2015 hutegemea mtihani wa mwisho; Sanaa bado husahihishwa na walimu.