Ruhusa ya Mfanyakazi Kwenda Kupiga Kura

Ruhusa ya kupiga kura ni muda ambao mwajiri humwachia mfanyakazi ili aende kituoni siku ya uchaguzi, bila kukatwa ujira wala kuadhibiwa. Nchini Tanzania haki ya kura imo katika Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila raia aliyetimiza miaka 18. Katika chaguzi kuu za tarehe 28 Oktoba 2020 na 29 Oktoba 2025, siku ya kura ilitangazwa kuwa ya mapumziko.

Hata hivyo, mapumziko hayo hayamfikii kila mtu. Huko Wambaa, wilayani Mkoani, kisiwani Pemba, hoteli ya kitalii haifungi milango kwa sababu ya uchaguzi, wala wodi ya wagonjwa haiachwi bila muuguzi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, muda unaoweza kumezwa wote na zamu moja. Mpigakura wa Zanzibar naye hupewa karatasi tano: za Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Tena hupigia kura pale alipoandikishwa. Aliyeandikishwa Wambaa akawa kazini Unguja hana budi kuvuka bahari.

Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Na. 4 ya 2018 imeweka kura ya mapema, siku moja kabla, kwa watendaji wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini. Utaratibu huo umepingwa na vyama vya upinzani, na haukuwekwa kwa ajili ya mhudumu wa hoteli. Kwingineko, sheria ya Kanada humhakikishia mfanyakazi saa tatu mfululizo za kupiga kura.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unawakumbusha raia kuwa kura ni haki na pia wajibu kwa ajili ya manufaa ya wote. Katekisimu, namba 2240, inauhesabu wajibu huo kuwa wa kimaadili. Ikiwa ni wajibu wa dhamiri, basi anayemfungia mwenzake njia ya kuutimiza anaigusa dhamiri yake, awe Mkristo au Mwislamu.

Kwa hiyo mwajiri apange zamu mapema, ili wengine waende asubuhi na wengine mchana, na anayetoka mbali aongezewe siku ya safari. Mfanyakazi aombe kwa wakati, kisha arejee kazini kama alivyoahidi. Mwajiri asiulize kura imekwenda kwa nani, kwa maana kura ni siri. Ruhusa inayotolewa kwa sharti la kumchagua fulani si ruhusa tena, bali ni hongo.