Majina, Mapenzi na Ulimwengu wa Mafichoni: Upokezi wa Filamu ya Katuni

Katika historia ya sinema jijini Nairobi, ukumbi wa Metropole, Adams Arcade, ulikuwa miongoni mwa kumbi zilizowazoesha wakazi wa Barabara ya Ngong hadithi za kigeni. Hata hivyo, mtazamaji Mswahili haingii ukumbini mikono mitupu. Huingia na fasihi yake. The Lion King (1994) yathibitisha hoja hii. Kwa mtazamaji wa Marekani, Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina tu. Kwa Mswahili ni maneno yenye maana, na "nala" ni "ninakula", jina la ajabu kwa mpenzi. Ndipo kicheko huzuka pasipokusudiwa. Lakini msomaji wa Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert amekwisha kuzoea majina yabebayo tabia. Adili humkuta Mwelekevu katika mji uliogeuka mawe, akamtoa humo. Katika filamu, Nala ndiye amkutaye Simba msituni alikojificha, akamkumbusha wajibu wake. Mwanamke aliyeokolewa sasa ndiye aokoaye. Kwa hiyo kicheko kile kisihesabiwe ujinga wa mtazamaji: ni mwanzo wa uhakiki.