Nyuzi za misuli ya nguruwe

Nyuzi za misuli ya nguruwe ni seli ndefu nyembamba zinazounda mnofu wa mnyama huyo na kuchangia rangi, ulaini na unyevu wa nyama yake. Hugawanywa katika aina nne: I, IIa, IIx na IIb. Aina ya I hujikaza polepole, hutumia oksijeni na huwa nyekundu kwa wingi wa mayoglobini, protini inayobeba oksijeni misulini. Aina ya IIb hujikaza haraka, hutegemea glaikojeni (wanga uliohifadhiwa misulini), na ndiyo iliyo nyingi katika msuli wa mgongo.

Baada ya kuchinja, glaikojeni hugeuka asidi laktiki. pH ikishuka chini ya 6.0 ndani ya dakika 45, mnofu ungali na joto, protini huharibika. Nyama hupauka, hulegea na kuchuruzika maji. Kasoro hiyo huchochewa na badiliko la jeni ya RYR1, lililotambuliwa mwaka 1991 na kujulikana hasa katika Pietrain, mojawapo ya mbegu za nguruwe zinazofugwa Rwanda. Nguruwe aliyechoka kwa muda mrefu hubaki na glaikojeni kidogo, na nyama yake huwa nyeusi, ngumu na kavu.

Kwa mfugaji wa Busasamana, wilayani Rubavu, ubora wa nyama ya nguruwe, iitwayo akabenzi nchini Rwanda, hulindwa kwa kumsafirisha nguruwe bila kumpiga, kumpumzisha kabla ya kumchinja na kupoza nyama mapema.