Kaunda Suti, Tai na Mlinzi wa Mlangoni

Juma hili sikwenda mbali kutafuta la kuzungumza. Nilikuwa katika foleni ya ofisi moja ya umma jijini Dar es Salaam pale mlinzi alipomzuia mama mmoja kijana aliyefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Gauni lake halikuwa na mikono. Ukutani palikuwa na bango la mavazi yasiyoruhusiwa. Nilihesabu picha nane, na sita zilikuwa za wanawake.

"Dada, huko ndani huingii hivyo."

"Kaka yangu, nimetoka Chanika, nimepanda daladala mbili."

"Utaratibu ni utaratibu, dada yangu."

Utaratibu wa nani? Hilo ndilo nililorudi nalo studio.

Suala la nani avae nini mbele ya wakubwa ni la zamani katika pwani yetu. Unguja, kabla utumwa haujapigwa marufuku mwaka 1897, mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Walipopata uhuru wao, wanaume wengi walikimbilia kanzu na kofia. Hawakuwa wanatafuta urembo. Walikuwa wanasema kwa nguo kwamba sasa nao ni watu.

Mwingereza alipotawala Tanganyika akaigeuza kanzu hiyo hiyo kuwa sare ya boi wa nyumbani. Tarishi wa bomani akapewa kaptula ya kaki, mtu mzima mwenye wajukuu. Karani aliyesoma alivaa shati jeupe na soksi ndefu, na aliyethubutu kufunga tai alionekana anajikweza. Nguo ilikuwa ngazi, na kila mtu alijua amesimama kidato gani.

Ndiyo maana baada ya Uhuru viongozi wetu waliitazama suti ya Kizungu kwa jicho la mashaka. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Juni mwaka huo Waziri Mkuu Chou En-lai akaja kwetu. Haikupita miaka mingi mafundi cherehani wakawa wanashona "chuenlai", koti la kola fupi iliyosimama. Na kutoka kwa jirani yetu wa Zambia, Rais Kenneth Kaunda, tukapata kaunda suti: koti lenye mifuko, suruali ya kitambaa hicho hicho, tai hakuna. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hilo ndilo likawa vazi la ofisi. Meneja alivaa, karani alivaa, katibu wa tawi alivaa.

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika shirika moja la umma. Ninayo picha yake ya miaka ya sabini akiwa na kaunda suti ya rangi ya udongo, kalamu mbili mfukoni, amesimama kando ya bosi wake aliyevaa kama yeye. Usingemjua bosi ni yupi. Nakiri kwamba ninaipenda picha ile kuliko ninavyopaswa, maana enzi zile hazikuwa na usawa kwa kila mtu.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari mosi 1969 minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zingepigwa vita Dar es Salaam. Vijana wa kiume hawakuisubiri tarehe hiyo. Mwezi huo huo wa Oktoba, maeneo ya Kariakoo, waliwavamia wanawake vituoni na katika mabasi. Waliodhalilishwa hawakuwa wazururaji tu. Walikuwamo mabinti waliofanya kazi za ofisini, walioshuka basi wakielekea kwenye mashine zao za kuchapia. Barua kwa wahariri wa magazeti zilipamba moto, na wako waliouliza swali ambalo halijajibiwa hadi leo: ikiwa minisketi ni ya kikoloni, suruali ya mwanamume ni ya kabila gani?

Halafu ikaja njaa ya nguo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilipotea madukani, na mtu alikwenda kazini na shati lililogeuzwa kola mara mbili. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mlango ulifunguka na mitumba ikamiminika. Hapo ndipo koti na tai viliporudi ofisini, tena kwa bei ya karani. Benki za kigeni zilipoingia katika miaka ya tisini, kaunda suti ikaanza kuonekana vazi la mzee anayesubiri kustaafu.

Majirani zetu Wakenya walifika mbali zaidi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku kaunda suti ndani ya Bunge la Taifa, ingawa Rais wao, William Ruto, alikuwa akiipenda sana. Kaunda mwenyewe alifariki mwaka 2021, hakuyaona hayo. Vazi lililobuniwa kuikimbia tai likafukuzwa kwa sababu halina tai.

Kwetu, Serikali ilitoa Waraka Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Sina ugomvi nao. Mwajiri ana haki ya kusema wafanyakazi wake wavae nini. Lakini yule mama wa Chanika hakuwa mtumishi. Alikuwa mwananchi anayefuata haki ya mtoto wake, na waraka wa watumishi haukuandikwa kumzuia mlangoni.

Bibi mmoja kwenye foleni, pengine wa miaka sabini, alifungua mfuko wake akatoa khanga. "Jitande mwanangu, uingie, upate shida yako." Kisha akamgeukia mlinzi: "Na wewe mwanangu, mwaka sitini na nane ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwapo Kariakoo."

Mlinzi akasogea. Yule mama aliingia, na baada ya dakika arobaini akatoka na karatasi yake. Khanga aliikunja vizuri, lakini bibi alikuwa bado ndani, dirisha la tatu, kwa hiyo akakaa kwenye benchi kumsubiri.