Kutoka Kikundi cha Redio hadi Video ya Mwanafunzi: Mizizi ya Ujifunzaji Shirikishi Ufipa

Wanafunzi wanapotengeneza somo kwa pamoja, kulirekodi kwa video na kulisambaza mtandaoni, hudhaniwa kuwa wameanzisha jambo jipya. Insha hii inadai kuwa mizizi ya ujifunzaji huo Tanzania Bara ni ya zamani zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa majuma 12, vikundi vilisikiliza vipindi, vikasoma kitabu, vikajadili, kisha vikatenda: vilichimba vyoo na kufyeka vichaka kandokando ya nyumba.

Kwa uwanda wa Ufipa, ulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000, mfumo huo ulikuwa na maana ya pekee, kwani mawimbi ya redio hayakungoja barabara. Hata hivyo, yalikwenda upande mmoja tu. Mwanakijiji wa Ufipa aliweza kujadili yaliyosemwa Dar es Salaam, lakini hakuwa na njia ya kurusha hoja yake kwa nchi nzima. Video imebadili hali hiyo: msikilizaji anaweza kuwa msemaji.

Lakini redio moja ilitosheleza kikundi kizima, ilhali video hudai simu, umeme na kifurushi cha intaneti. Zaidi ya hayo, kampeni ile haikuishia kwenye kusikiliza. Mjadala ulifuata baada ya redio kuzimwa. Video isiyojadiliwa na wanafunzi wa Sumbawanga itasambaa bila kufundisha.