Mto Mmoja, Umeme wa Nchi Tatu

Sisi wa Nyakarenzo tu majirani wa Rusizi, mto utokao Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka 1983 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda SINELAC, shirika la kufua na kugawana umeme wa mto huo. Mitambo ya Ruzizi II ikaanza kazi mwaka 1989. Baadaye vita viliingia, watu wengi wakafa, lakini shirika halikuvunjwa.

Huko Asia, uchumi ukuao kwa kasi wauhitaji mto Mekong. Tume ya mwaka 1995 iliziunganisha Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam. China, yenye mabwawa makubwa upande wa juu, si mwanachama. Haja ya umeme itazidi kote. Hapana budi wanafunzi wetu wafahamu kwamba mapatano hutangulia, ugomvi usije.